Kisu kigumu: nguvu si dawa

Ndugu mfanyakazi, tia mkono mfukoni. Kama wewe ni mmoja wa wale wanaotembea na kisu cha kukunja, kitoe tukitazame pamoja. Kinafunguka vizuri kwa ukucha wa kidole gumba? Au ni kile cha kukaza meno na kuvuta, mpaka kiponyoke kwa ghafula?

Mimi nina alama kwenye kidole cha mkono wa kushoto. Sikuipata shimoni wala kwenye mashine. Niliipata nyumbani, siku ya Yenga, mbele ya watoto, nikifungua kisu ili nimenye muwa. Kisu kilikuwa kigumu, nami nilitaka kuonyesha kwamba baba ana nguvu. Wiki tatu sikuweza kushika nyundo. Tangu siku ile nasema, na leo narudia: kisu kigumu hakiombi nguvu, kinaomba kutunzwa.

Tujue kwanza namna kilivyotengenezwa. Kisu cha kukunja cha kizamani, kama Douk-Douk inayotengenezwa Thiers, Ufaransa, tangu mwaka 1929, kina msumari ambao ubao wa kisu unazunguka juu yake, na mgongoni mwa mpini kuna resori. Resori hiyo inakandamiza shina la ubao. Ndiyo inayokizuia kisu kisifunguke mfukoni, na ndiyo inayokizuia kisikunjike juu ya vidole vyako unapokata. Hakuna kufuli lingine. Basi, anayeilegeza resori kupita kiasi amejiondolea ulinzi wake mwenyewe.

Wenzetu wengi wana dawa zao. Mmoja anaweka kisu motoni. Ni kosa: chuma cha resori kikipata moto mwingi kinapoteza ugumu wake, na hakirudi tena. Mwingine anaipiga tupa resori. Ni kosa: akizidisha, kisu kinakuwa kama mlango usio na komeo. Mwingine anafungua kwa meno. Huyo nitamwambia nini? Na mwingine anatia mafuta ya mawese kutoka jikoni. Yanalainisha kidogo, kisha yanaganda na kushika vumbi, na kisu kinakuwa kigumu kuliko mwanzo.

Mara nyingi resori haina kosa lolote. Ugumu unatoka kwenye uchafu: vumbi la kazini, maji ya matunda yaliyokauka, na kutu. Fanya hivi, taratibu.

Kwanza, funga makali kwa kitambaa kinene, ukizungushe mara kadhaa. Shika ubao kwa mgongo wake, vidole visiwe kamwe kwenye njia ya makali. Kisha osha sehemu ya msumari kwa maji ya moto kidogo na sabuni, ukisugua kwa mswaki mzee. Toa uchafu ulio ndani ya mpini kwa kijiti. Kausha kabisa, maana maji yanayobaki ndiyo kutu ya kesho.

Halafu tia tone moja la mafuta mepesi, yale ya cherehani yanafaa, hapo penye msumari na penye resori. Fungua na funga polepole, mara ishirini au thelathini. Mafuta yakitoka meusi, pangusa, tia tone lingine. Kama hakijalegea leo, rudia kesho na kesho kutwa. Kisha pangusa mafuta yote yaliyozidi, kwani mpini wenye utelezi nao ni hatari.

Kikiwa bado kigumu, labda msumari umekazwa sana au umepinda. Mpelekee fundi. Si aibu.

Kuna jambo lingine, na hapa wengine hawatakubaliana nami. Kila siku tunakagua nyundo, kamba na kofia. Lakini kisu cha mfukoni hakuna anayekikagua, eti ni mali ya mtu. Mimi nasema: kidole ni kimoja, kikatwe na chombo cha kampuni au na kisu chako. Kapita akiuliza habari za visu asubuhi, asichukiwe. Na kisu hicho kisitumike kukata waya wa umeme, wala kufungulia visi. Kila kazi ina chombo chake.

Nanyi mama wa nyumbani, mkiona baba amekikata kidole, msitie majivu, udongo wala mafuta. Kandamizeni kidonda kwa kitambaa safi, inueni mkono juu. Damu ikikoma, osheni kwa maji safi na sabuni. Kama damu haikomi, au kama kidole hakikunjiki wala hakinyooki, kimbilieni hospitali siku ileile: huenda mshipa wa kukunjia kidole umekatika. Ulizeni pia habari ya sindano ya pepopunda. Vijidudu vya ugonjwa huo vinakaa katika udongo na vumbi, na vinaweza kuingia hata kwa kidonda kidogo.

Watoto wetu wanatazama. Wakituona tunashindana na kisu, nao watashindana nacho siku tukiwa kazini. Wakituona tunaosha, tunakausha, tunatia tone la mafuta, wamejifunza kazi.

Jioni ya leo, kabla ya kula bukari, tumia robo saa kwa kisu chako. Mimi nilitumia wiki tatu kwa kidole changu.