MAONI YETU: Wanafunzi waione kazi ya mhandisi kabla ya kuiaga Fizikia

Daraja la juu la Tazara, Dar es Salaam, lilipozinduliwa Septemba 2018 lilipewa jina la Mhandisi Patrick Mfugale, aliyekuwa mtendaji mkuu wa TANROADS. Heshima ile ilistahili. Lakini jina kwenye daraja halimwambii mtoto mhandisi anafanya nini akifika kazini asubuhi. Hilo mtoto hulijua kwa kuona, na watoto wetu wengi hawajaonyeshwa.

Sisi tunasema waonyeshwe, tena mapema.

Kwa miaka mingi, katika shule zetu za sekondari uamuzi mkubwa umekuwa ukifanyika mwisho wa kidato cha pili. Hapo ndipo mwanafunzi hubaki na Fizikia au huiaga. Akishaiaga, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) kidato cha tano haumhusu tena, na uhandisi chuo kikuu umempita. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, wenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali, unadai uchaguzi wa mapema zaidi. Mtoto wa miaka kumi na minne anaamua jambo la maisha yake kwa kusikiliza maneno ya bwenini: Fizikia ni ngumu, Hisabati ni ya wenye vipaji, uhandisi ni kazi ya wanaume.

Maneno hayo yana gharama. Katika mtihani wa kidato cha nne, wanaofaulu Hisabati hawajafika hata theluthi moja ya watahiniwa kwa miaka kadhaa sasa. Walimu wa sayansi ni wachache na maabara hazitoshi, na hayo lazima Serikali iyashughulikie. Ila ipo sababu nyingine isiyohitaji bajeti kubwa kuiondoa: mwanafunzi haoni hesabu zile zinatumika wapi.

Apelekwe basi kwenye eneo la ujenzi akaone zege likipimwa. Fundi sanifu hulijaza katika koni ya chuma yenye kimo cha sentimita 30, kwa matabaka matatu, na kila tabaka hulishindilia kwa fimbo mara 25. Huinyanyua koni taratibu, kisha hupima zege limeshuka kiasi gani. Likishuka kupita kiasi, huenda maji yamezidi. Zege hilohilo hujazwa pia kwenye visanduku vya sentimita 15 kila upande. Likishakuwa gumu hutolewa na kulazwa ndani ya maji, na siku ya 28 mchemraba huwekwa kwenye mashine na kubanwa mpaka uvunjike. Tuseme umevunjika kwa nyutoni 675,000. Uso wake una milimita za mraba 22,500. Ukigawanya unapata nyutoni 30 kwa kila milimita ya mraba. Kama usanifu ulidai 40, mhandisi husimamisha kazi, hata mkandarasi awe na haraka namna gani.

Hesabu hiyo ni ya kugawanya tu, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza. Akiiona pale, ataelewa kwamba jibu lake ndilo litakaloshikilia watu watakaopita juu.

Mahali pa kuyaona haya hapakosekani. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu juu ya Ziwa Victoria, lilifunguliwa Juni 2025. Makandarasi wakuu wa miradi hiyo walitoka Misri, Uturuki na China, na Watanzania wengi walifanya kazi pamoja nao. Sasa wageni wanarudi kwao, mitambo inabaki. Aliye kidato cha pili leo atafikisha miaka hamsini, na mitambo ile bado itakuwa inadai mtu wa kuikagua na kuitengeneza.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mikataba ya miradi ya umma itaje siku za kupokea wanafunzi, na gharama za helmeti na vizibao ziwemo humo. Pili, Bodi ya Usajili wa Wahandisi iihesabu ziara ya mhandisi shuleni kuwa sehemu ya kujiendeleza kitaaluma. Tatu, wahandisi wanawake wapewe kipaumbele katika ziara hizo. Msichana akimwona mwanamke aliyevaa helmeti akiwaamuru mafundi wabomoe nguzo mbovu, yale maneno ya bwenini hayatakuwa na nguvu tena.

Wanafunzi nao waambiwe ukweli. Shahada ya uhandisi huchukua miaka minne, na baada yake kuna miaka ya kufanya kazi chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Wapo wahitimu wanaohangaika na ajira, na mzazi anayelihofia hilo hakosei. Lakini njia si moja. Aliyemaliza kidato cha nne anaweza kwenda DIT au Chuo cha Ufundi Arusha akatoka fundi sanifu, na VETA iko kwa anayetaka kuanza na ufundi wa mikono. Kwa wanaofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita, upo ufadhili wa Samia Skolashipu. Haya yote mwanafunzi ayajue wakati bado ana nafasi ya kuchagua.

Wakuu wa shule wasisubiri waraka. Shule isiyo na basi la kwenda Rufiji ina kalvati, pampu ya maji au transfoma jirani, na kila kimoja kina mtu aliyekipigia hesabu. Ofisi za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na za RUWASA, wakala wa maji vijijini, ziko wilayani. Barua ya ukurasa mmoja inatosha kumwomba mhandisi aje kukaa saa mbili na kidato cha pili, na iandikwe muhula huu, kabla fomu za kuchagua masomo hazijajazwa.