Wanafunzi wa vyuo hawakuwa wavivu, walikuwa wanaumia

Kila tunapozungumzia korona hapa mpakani, sisi hukimbilia hesabu za biashara. Tunakumbuka foleni za malori zilizojaa barabara ya Malaba na Busia mwaka 2020, madereva wakingoja majibu ya vipimo. Tunakumbuka nyanya zilizooza. Hasara ambayo hatujaihesabu ni ile ya vijana wetu wa vyuo vikuu, waliorudishwa nyumbani Machi 20, 2020 na kuambiwa ni mwezi mmoja tu.

Mwezi huo ulizaa miezi. Wa mwaka wa mwisho waliitwa Oktoba 2020, wengine wakarudi kwa zamu mwaka 2021, kisha Juni 2021 milango ikafungwa tena mpaka Novemba. Wenzao wa Kenya, hatua chache tu ng'ambo ya geti, walikuwa wamerejea masomoni tangu mwanzo wa 2021. Hebu fikiria kijana wa Busia ya Uganda aliyewaona majirani wa Busia ya Kenya wakipanda matatu kwenda chuoni, naye ameketi uani kwa mama yake.

Mimi nafundisha Tororo, na shule niliisomea uhamishoni. Vita vya Teso vilipoanza mwaka 1987, wazee wetu walivuka nasi kuingia Kenya, na huko ndiko nilikopata elimu na Kiswahili hiki. Basi huwasikia waliorejea wenzangu wakisema: "Sisi tulilala njaa ugenini na tukasoma. Hawa walikaa kwao wakila, walikuwa wanalia nini?"

Sikubaliani nao hata kidogo. Uhamishoni tulipoteza nyumba, lakini kengele ya shule iligongwa kila asubuhi. Kulikuwa na mwalimu wa kukuita jina, hata kama alilikosea. Mtihani ulikuwa na tarehe. Vijana wa 2020 walikuwa na nyumba, lakini siku zao hazikuwa na tarehe. Tena tusidanganyane: hata katika kundi letu wapo waliorudi kimya na wakabaki kimya hadi leo. Tuliwaita wapole, tukaendelea na mambo yetu.

Waliambiwa wasome kwa simu. Kwa fedha zipi? Mama aliyezoea kuvuka na mitumba alikuwa amezuiwa. Boda boda, ambazo jina lake lilizaliwa papa hapa mpakani, zilipigwa marufuku kubeba abiria. Kulikuwa na kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, na ilipoondolewa Julai 2021 ikaja ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa kabisa kwa siku kadhaa. Na hata ukiwa na bando, mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Busitema au wa sayansi kule Nagongera atafanyaje maabara kwenye kioo cha simu?

Kijana mmoja niliyemfundisha sekondari alikuwa mwaka wa tatu. Alilala hadi adhuhuri, akaacha kuoga, akaacha kujibu salamu. Mama yake, mchuuzi wa samaki, alinijia: "Mwalimu, huyu mtoto amerogwa, au ni bangi?" Walimpeleka kwenye maombi, kisha kwa mganga ng'ambo ya pili. Hospitali haikutajwa. Mgonjwa wa akili huku kwetu anajulikana kwa jina moja tu, Butabika, na jina hilo tumeligeuza tusi, kama Wakenya walivyofanya na Mathari. Nani atakubali mwanawe aitwe hivyo sokoni? Kijana huyo hakurudi chuoni. Sasa anasukuma mkokoteni, na amebakiza mihula miwili tu.

Kuna na hofu ya polisi. Wakati ule, pande zote mbili za mpaka, kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai. Mzazi aliyemkuta mwanawe na kamba alifunga mlango na kunyamaza, maana kupiga kelele ni kumpeleka mahabusu. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Wabunge wetu wa Tororo na Busia watueleze msimamo wao kuhusu sheria ya upande huu. Mgonjwa wa malaria hafungwi kwa kuugua.

Wafanyabiashara nao wana nafasi yao. Vijana hawa wako kwenu: wanabeba magunia yenu kwenye njia za panya, wanalinda vibanda vyenu usiku. Muulize mmoja alikuwa anasomea nini. Utashangaa.

Vyuo navyo vina orodha. Majina ya waliosajiliwa Machi 2020 yapo, na ya waliorudi Novemba 2021 yapo. Atafutwe karani mmoja alinganishe orodha hizo mbili, kisha mshauri nasaha apewe simu na awapigie waliokosekana, mmoja mmoja. Asianze na deni la karo. Aanze kwa kuuliza hali.