Lugha ya Mwanagenzi katika Kozi Fupi za Kuandika Programu

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa njia zinazotumika kumwingiza kijana katika taaluma ya kompyuta, kozi fupi ya likizo imepata nafasi ya pekee. Wanafunzi ambao hawajapata kuandika hata mstari mmoja wa programu hukusanywa pamoja, hufundishwa mfululizo kwa majuma machache, kisha hutarajiwa kurudi shuleni wakiwa na uwezo wa kujiendeleza. Mfano mashuhuri barani Afrika ni AddisCoder, kozi iliyoasisiwa mwaka 2011 jijini Addis Ababa na Jelani Nelson, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani ambaye mama yake ni Mwethiopia. Kozi hiyo hutolewa bila malipo kwa wanafunzi wa sekondari. Kwa muda wa majuma manne, huanza na misingi ya kuandika programu na kufikia algoriti, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua wa kutatua tatizo. Huitwa kozi ya majira ya joto kwa kufuata kalenda ya vyuo vya Marekani, ingawa Julai na Agosti ni miezi ya mvua kubwa jijini humo. Tofauti hiyo ya jina ni ndogo, lakini inakumbusha kwamba kozi husafiri na msamiati wa kule ilikotoka.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba lugha ya maelezo katika kozi za namna hii si jambo la pembeni. Mwanagenzi wa Afrika Mashariki anayekimudu Kiswahili kuliko Kiingereza anastahili kuelezwa kwa Kiswahili, na kazi ya kuyaandaa maelezo hayo ni ya wanaisimu sawasawa na ilivyo ya wataalamu wa kompyuta.

2.0 Ugumu uko wapi?

Wapo wanaodai kwamba suala la lugha hutiwa chumvi. Lugha ya programu ya Python, ambayo hupendwa katika kozi za wanaoanza, ina maneno maalumu 35 tu, na mwanagenzi huhitaji machache kati ya hayo. Kwa mujibu wa dai hili, asiyejua Kiingereza anaweza kuyakariri kwa siku moja na kuendelea na kazi.

Dai hili ni kweli nusu. Maneno maalumu ni machache, lakini kozi haifundishwi kwa maneno hayo. Hufundishwa kwa maelezo: kwa nini kitanzi hiki hakikomi, kwa nini thamani ya kigeu imebadilika, tatizo kubwa linagawanywaje kuwa madogo. Guo (2018) aliwahoji watu 840 kutoka nchi 86 ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na miongoni mwa vikwazo walivyovitaja ni kusoma maandishi ya kufundishia na kulazimika kujifunza Kiingereza na programu kwa wakati mmoja. Nao Dasgupta na Hill (2017) walichunguza watumiaji wa Scratch, chombo cha kufundishia watoto kuandika programu. Waligundua kwamba wanaoanza walionyesha dhana mpya upesi zaidi pale amri zilipokuwa katika lugha yao kuliko pale zilipokuwa katika Kiingereza.

Nchini Tanzania, kama ilivyo Ethiopia, mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali aghalabu hufundishwa kwa lugha ya nchini, kisha hukikuta Kiingereza sekondari. Akiingia katika kozi ya majuma manne, mabega yake yamekwisha kubeba mzigo mmoja. Akinyamaza juma la kwanza, mkufunzi atamhesabu kuwa hana kipaji cha kompyuta, ilhali kilichomshinda ni sentensi ya maelezo. Hapo kozi iliyokusudiwa kuibua vipaji huwa imegeuka mtihani wa Kiingereza bila mtu yeyote kukusudia.

3.0 Kazi ya mwanaisimu

Kutafsiri istilahi peke yake hakutoshi. Mjadala wa kama mashine iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi umewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi, na programu ya Jambo OpenOffice iliyotolewa mwaka 2004 ilithibitisha kwamba menyu na maagizo ya kompyuta yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Kilichopewa uzito mdogo ni sarufi ya kufikiri.

Chukua kiambishi -ki-. "Mvua ikinyesha, funga dirisha" ni amri ya sharti; dirisha hufungwa mara moja. "Mvua ikinyesha, kaa ndani" ni amri inayodumu kadiri mvua inavyodumu. Kiambishi ni kimoja, lakini katika programu hizi ni amri mbili tofauti, na kuzichanganya ni kosa kubwa. "Ikiwa" yafaa kwa sharti. Kwa kitanzi, "maadamu" ni neno fupi, ila hubeba pia maana ya sababu. "Muda wote ambapo" ni wazi zaidi, ila ni refu. Hali kadhalika, anayeulizwa "chai au kahawa?" hutarajiwa kuchagua kimoja, lakini tangazo la "mwenye kitambulisho au barua aingie" halimzuii mwenye vyote viwili. Kompyuta huifuata maana ya pili. Mwalimu asiyeijua tofauti hii hawezi kumwonya mwanafunzi.

Lugha haitoi mitego tu. Hutoa pia mifano. Waswahili na Waethiopia huhesabu saa kuanzia alfajiri, hivyo saa inayoonyesha 7 husomwa saa moja. Mwanagenzi akiambiwa aandike programu ya kubadilisha saa, ataanza kwa kutoa 6. Itafaa kwa 7 hadi 12. Kisha 6 itampa sifuri, na 3 itampa hasi tatu. Hahitaji kuambiwa kwamba amekosea, kwa kuwa anajua hakuna saa sifuri. Atalazimika kuongeza sharti: ikiwa jibu ni dogo kuliko 1, jumlisha 12. Kwa zoezi moja amejifunza kigeu, sharti na umuhimu wa kuijaribu programu mipakani, na mwamuzi wa jibu lake ni lugha yake mwenyewe.

4.0 Hitimisho

Pingamizi moja lina uzito. Vitabu vingi vya taaluma hii na taarifa za makosa zinazotolewa na mashine viko katika Kiingereza, na kumficha mwanafunzi jambo hilo ni kumdanganya. Jibu lake ni suala la mpangilio: dhana itangulie kwa lugha anayoifahamu, na istilahi ya Kiingereza iwekwe juu ya dhana iliyokwisha eleweka. Juma la nne lafaa kwa kazi hiyo. Juma la kwanza halifai.

Basi idara za Kiswahili na za kompyuta zina kazi ya pamoja: kuandaa faharasa fupi na mazoezi kama hilo la saa, na kuyajaribu katika kozi moja ya likizo kabla ya kuyachapisha. Neno litakalowachanganya wanafunzi darasani litupwe, hata kama limepitishwa na kamati.