Daftari la Wiki: Luku Inajitegemea

Dalali wa Dar es Salaam hapotezi muda kusifia rangi ya ukuta. Anaanza na mambo mawili: "Luku inajitegemea, maji yapo ndani." Ukisikia hivyo, ujue kodi imeshapanda. Wiki hii nilimsindikiza rafiki anayetafuta chumba Sinza. Dalali akafungua bomba la jikoni, likakoroma, likatema hewa, likanyamaza. "Leo si zamu ya mtaa huu," akasema bila kupepesa macho.

*

Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, isipojitegemea ni siasa tupu. Vyumba sita, mita moja, mchango kila mwezi. Mwenye friji aongeze. Mwenye pasi aeleze ananyoosha mara ngapi kwa wiki. Kijana wa chumba cha uani anashukiwa kuficha jiko la umeme uvunguni. Mita ikianza kulia usiku, nyumba nzima inajifanya imelala, maana atakayetoka kwanza ndiye atakayenunua. Mwishowe giza linawatoa wote. Mmoja anabonyeza tarakimu 20, mwingine anammulikia kwa simu, wa tatu anauliza ni nani aliyepika maharage kwa umeme. Aliyezoea mita yake peke yake, taa kwake ni swichi tu.

*

Maji na umeme tunavilipia kwa namba mbili tofauti, basi tumejiaminisha kuwa ni vitu viwili. Maji ya Dar mengi ni ya mto Ruvu, unaoshuka kutoka milima ya Uluguru, Morogoro. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayasukuma kwa pampu za umeme hadi kwenye matangi. Umeme ukikatika huko mtamboni, mtu wa Kimara anakosa maji na taa yake inawaka. Na umeme nao kwa sehemu kubwa ni maji: Mtera, Kidatu, na sasa Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, ambalo mashine yake ya kwanza ilianza kazi 2024. Mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipopungua, jiji likaingia kwenye mgao wa maji. Ukame wa Morogoro wengi wetu tuliujulia kwenye bei ya dumu.

*

Wazanzibari hawahitaji kuelezwa haya. Desemba 2009 umeme unaovuka bahari kutoka bara ulikatika, na Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Pampu zikasimama, jenereta zikanguruma, watu wakarudi kwenye visima. Na mji wa Unguja ndio huohuo Sultani Barghash aliouletea maji ya bomba katika karne ya 19.

*

Mvua ya juzi imepita mtaani kwetu ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Ghorofa jipya la kona lina mabati ya bei mbaya na madirisha ya aluminiamu, ila halina hata mfereji mmoja wa kukingia maji. Jirani yake, bibi mwenye paa la kutu, ameegesha kipande cha bati juu ya pipa, na pipa limejaa. Mwenye ghorofa anasema yeye atachimba kisima. Achimbe. Visima vya mtaa huu vina chumvi hadi sabuni haitoi povu.