Moto Hauhubiri Injili

Wapo ndugu zetu wanaotetea uchomaji wa vitabu vya dini za kale. Hoja zikiwaishia, hukimbilia Matendo 19:19: waumini wa Efeso waliteketeza vitabu vya uganga, basi kosa liko wapi? Wausome tena mstari huo. Waefeso walileta vitabu vyao wenyewe, kwa hiari, baada ya kuamini. Hakuna aliyepigwa ili avitoe.

Haikuwa hivyo kwa Wamaya wa Yucatán. Mwaka 1562 Padre Diego de Landa, mkuu wa Wafransisko wa huko, aliruhusu watu waliokwisha kubatizwa wateswe ili waungame kuabudu sanamu. Tarehe 12 Julai, mjini Maní, akachoma sanamu zao na vitabu vyao. Baadaye aliandika mwenyewe kwamba jambo hilo liliwahuzunisha mno. Aliyaona machozi, asijiulize yalimaanisha nini.

Wala tusiambiwe kwamba hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya zama zile. Mwaka uleule alifika Askofu Francisco de Toral, naye Mfransisko, akayakomesha mateso na kuwafungua wafungwa. Shirika moja, Injili moja, mwaka mmoja. Lakini mioyo miwili.

Tazameni pia Guatemala. Katikati ya karne ya 16, Wamaya wa K'iche' walitumia herufi za Kilatini walizoletewa na wamisionari kuandika mapokeo ya wazee wao, yaitwayo Popol Vuh. Mwanzoni mwa karne ya 18 maandishi hayo yakamfikia Padre Francisco Ximénez, Mdominiko, paroko wa Chichicastenango. Hakukubaliana nayo, aliona humo makosa ya kukanushwa. Hata hivyo hakuwasha moto. Aliketi akayanakili, Kik'iche' safu moja, Kihispania safu ya pili. Hati ya awali imepotea. Iliyobaki ni ya mkono wa padre huyo.

Na yamo nini humo? Waumbaji walifinyanga mtu wa udongo, akabomoka. Wakachonga watu wa mti: walisema, wakazaana, lakini hawakuwa na moyo wala hawakumkumbuka aliyewafanya, wakaangamizwa kwa gharika. Ndipo watu wakafanywa kwa mahindi. Sisi hatukiri hivyo. Tunakiri Mungu mmoja, asiyejaribu na kukosea. Lakini ni nani kati yetu asiyewajua watu wa mti? Wanajaa katika mabenchi yetu kila Jumapili, midomo inasali, moyo haupo.

Paulo alipofika Athene alizunguka kwanza, akatazama, akasoma maandishi ya madhabahu yao, kisha akahubiri. Landa alianza na kiberiti. Anayejua kwamba ana kweli hana haja ya kunyang'anya mtu kitabu. Atakisoma, atajibu, atangoja. Basi kabla hatujayaita mapokeo ya jirani kazi ya shetani, tuketi kwanza tuyasikilize. Na kwa yale majivu ya Maní, tusitafute udhuru. Tutubu.