Unakimbia kila wikendi? Angalia kalenda yako kwanza

Bila shaka unamjua yule kijana wa shuleni kwenu aliyekuwa akiwaacha wenzake mita 50 nyuma. Januari yuko mbio za nyika, Machi yuko uwanjani, Aprili mbio za barabarani kwa sababu kuna kabahasha, Juni mchujo. Mwaka uliofuata goti likaanza kumsumbua, halafu kimya. Watu husema alilegea. Mara nyingi wala hakulegea, ni hiyo bidii yenyewe iliyommaliza.

Nimeitazama kalenda ya 2026 nikaona mtego uleule, safari hii hata kwa mastaa. Michezo ya Jumuiya ya Madola itakuwa Glasgow, Julai 23 hadi Agosti 2. Chipukizi wa chini ya miaka 20 wana mashindano yao ya dunia jijini Eugene, Marekani, Agosti 5 hadi 9. Kisha Septemba 11 hadi 13 kuna mashindano mapya kabisa ya World Athletics Ultimate Championship, Budapest, ambapo mshindi anabeba dola 150,000, karibu Sh19 milioni. Hesabu mwenyewe: kutoka kufungwa kwa Glasgow hadi Budapest ni siku 40 tu. Na kabla ya hayo yote kuna mchujo wa hapa nyumbani, ambapo usipokuwa moto siku hiyo, unabaki ukitazama wenzako kwa TV.

Shida ni kwamba mwili hauwaki mwaka mzima. Mazoezi magumu hayakuongezei kasi siku ileile. Yanakuchosha, na ni ukilala na kula vizuri ndipo misuli inajijenga upya ikiwa na nguvu zaidi. Ndiyo maana makocha hugawa msimu kwa awamu. Kwanza miezi ya mbio ndefu za taratibu, zile ambazo unaweza kupiga stori ukikimbia. Kisha milima. Kisha kasi ya uwanjani. Wiki moja au mbili kabla ya shindano kubwa unapunguza kilomita lakini unabakisha kasi kidogo, miguu iwe mibichi. Msimu ukiisha, unapumzika kabisa.

Na si mambo ya juzi. Arthur Lydiard wa New Zealand alimfanya Peter Snell, mtu wa mita 800 jamani, akimbie takriban kilomita 160 kwa wiki kabla ya kumgusisha kasi. Snell alishinda dhahabu ya Olimpiki ya 800 Rome 1960, akarudi Tokyo 1964 akachukua 800 na 1500.

Wetu wa karibu ni Faith Kipyegon. Mwaka 2025 alijua dhahabu iko Tokyo mwezi Septemba, kwa hivyo kabla ya hapo alikimbia mashindano ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Julai 5 alivunja rekodi yake ya dunia ya 1500 kwa 3:48.68 kule Eugene. Tokyo akashinda 1500 kwa 3:52.15, taji lake la nne la dunia katika mbio hizo, na siku nne baadaye akapata fedha ya 5000 nyuma ya Beatrice Chebet. Wiki ambazo hukumwona kwa TV ndizo zilizomfikisha hapo.

Najua utasema: Kipyegon ana mkataba, mimi nina kodi ya nyumba. Ni kweli, na hapo ndipo lawama zisimwangukie mwanariadha peke yake. Chipukizi asiye na mdhamini akiambiwa aruke mbio za Jumapili zenye Sh20,000 ataona unamchezea. Shule nayo inataka kombe lake, na meneja anataka asilimia yake. Hakuna kati yao anayeketi na mwenzake kuuliza kijana ameshakimbia mara ngapi mwezi huu.

Kwa hivyo uliza wewe. Chagua shindano moja unalolitaka kuliko yote mwaka huu, liandike, kisha hesabu wiki kurudi nyuma hadi leo. Lolote litakaloangukia kwenye wiki za mwisho, mwambie kocha mapema kwamba hutakimbia. Akikuuliza sababu, mwonyeshe karatasi.