Kabla ya kumpakia mtoto, ijaribu vespa mbele

KILA asubuhi mitaa ya Ng’ambo, Unguja, ina picha ileile: baba kashika usukani wa vespa, mtoto wa chekechea kasimama mbele katikati ya magoti yake, mama kakaa nyuma na mkoba wa skuli. Mara nyingi vespa yenyewe ni ya urithi kutoka kwa babu, na nyumba nzima inaipenda.

Balaa huja baba anapofunga breki. Mbele inazama ghafla na kidevu cha mtoto kinagonga usukani. Kwa baba mmoja wa mtaani humo hilo lilitokea mara mbili katika wiki moja.

“Vespa zote ndivyo zilivyo, mama watoto,” alijitetea.

Mkewe hakubishana. “Basi mtoto hapandi mpaka fundi naye aseme hivyo.”

Fundi hakusema hivyo.

Vespa haina miguu miwili mbele kama pikipiki. Gurudumu limeshikwa upande mmoja tu, kwa mkono mfupi unaocheza juu na chini kwenye springi na shokapu. Mbunifu wake, Corradino D’Ascanio wa Italia, alikuwa mhandisi wa ndege, na Vespa ya kwanza ya kampuni ya Piaggio ilitoka mwaka 1946. Kwa muundo huo, mbele kuzama kidogo wakati wa breki ni kawaida. Kuzama mpaka mwisho na kudundadunda ni ugonjwa.

Springi hubeba uzito, shokapu huituliza. Shokapu ikifa, springi hubaki inacheza ngoma peke yake. Tena tairi za vespa za zamani ni ndogo, za inchi 8 au 10, hivyo huzama kwenye shimo ambalo pikipiki kubwa hulivuka.

Mzazi anaweza kupima mwenyewe nyumbani:

• Ashike breki ya mbele, akandamize usukani kwa nguvu kisha auachie. Ukipanda na kutulia, ni salama. Ukidunda mara mbili tatu, shokapu imechoka.

• Aangalie shokapu kwa tochi. Mafuta yakionekana yamevuja, ibadilishwe.

• Vespa ikiwa juu ya stendi na gurudumu la mbele limeinuka, alitikise kushoto na kulia. Likilegea, huenda bushi au beringi zimelika.

Vespa ya baba yule ilikuwa na maradhi yote matatu. Alitaka shokapu tu, maana ada ya skuli ilikuwa inakaribia. Fundi alimweleza kwamba shokapu mpya juu ya bushi zilizolika ni kupaka rangi nyumba inayovuja: usukani utaendelea kuyumba.

Baba akataka basi springi ngumu kuliko zote. Fundi akakataa tena. Springi ikizidi ugumu, gurudumu huruka kwenye matuta, na gurudumu lililo hewani halina breki. Alifunga shokapu ya kisasa inayorekebishwa, akaiweka sawa na uzito wa mwenye vespa, baada ya kuhakikisha urefu na matundu yake vinalingana na vya ile ya zamani. Shokapu ndefu kupita kiasi huinua mbele na kuharibu uongozaji. Mwisho alikagua breki na kukaza nati zote, na akaagiza vespa irudi baada ya siku chache zikaguliwe tena.

Jioni baba alirudi akitabasamu. Alifunga breki mlangoni, vespa ikainama kidogo na kutulia. “Sasa mtoto apande,” akasema.

Mama akauliza swali moja: “Shokapu mpya inamshika mtoto?”

Baba alinyamaza. Shokapu nzuri hupunguza kuzama, lakini aliyesimama mbele hana cha kumzuia gari likikatiza ghafla. Mahali pa mtoto ni nyuma, amevaa kofia ngumu inayomkaa, na tena pale tu miguu yake itakapofika pa kukanyagia.

Mtoto alipandishwa kwenye kiti cha nyuma, vespa ikiwa imesimama, ili apimwe. Miguu ilining’inia. Kwa sasa anakwenda chekechea kwa miguu, kashikwa mkono na mama. Kila mwisho wa mwezi hukimbilia kiti kile ajipime, na baba huinama kuangalia. Bado kidogo.